Kilo ya Kwenye Tairi na Kilo ya Kwenye Buti

Toyota Altezza yangu niliinunua kwa jamaa wa Dar aliyependa vitu vinavyong'aa. Alikuwa ameifunga rimu za kromu za inchi 18 na tairi pana za 225/45 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo), na ukiiegesha Kabwe hapa Mbeya jioni hakosi mtu wa kupita akijitazama sura kwenye rimu. Barabarani mambo yalikuwa mengine. Ukiwa gia ya tatu, ukikanyaga mafuta, gari linakusikia kwanza, linawaza, ndipo linaanza kuchanganya. Nilipompigia simu jamaa akanijibu kwamba ni baridi ya Mbeya tu, injini bado haijaizoea.

Baridi inasingiziwa. Hewa ya baridi ni rafiki wa injini kwa sababu imeshikana zaidi. Kinachotukamata huku ni mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa inayoikuta, basi. Altezza RS200 ya gia za mkono ilipotoka Japani mwaka 1998, injini yake ya 3S-GE ya cc 1,998 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Hizo 210 ni za pwani. Ukipandisha nazo mpaka Uyole, zinabaki kama 180. Wenye Subaru za turbo wanatucheka, na wana haki, maana turbo inaisukumia injini hewa na kufidia sehemu kubwa ya kilichopotea.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo kijiweni huwa naambiwa mapema nisilete ubao. Ila hapa ubao ulinisaidia kuona jambo ambalo wengi wanalipita. Mwinuko unatoza ushuru kwenye nguvu. Ukinunua ekzosi na chujio la hewa vya kukuongezea farasi 20, huku juu unapokea 17. Uzito hautozwi. Kilo uliyoitoa kwenye gari Kariakoo, imetoka pia ukiwa Mbeya, na imetoka pia ukipanda kwenda Chunya. Kwa mtu wa nyanda za juu mwenye injini ya kuvuta hewa kawaida, kupunguza uzito ni hela inayofika yote.

Swali linabaki: uzito upi?

Kijiweni jibu lilikuwa tayari. "Kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi." Nimeisikia hiyo Mbeya, nimeisikia Iringa, na kila anayeisema anaisema kama aya. Si kweli. Wala haihitaji maabara kuonesha kwamba si kweli.

Gurudumu lina kazi mbili kwa wakati mmoja: linasafiri mbele pamoja na gari, na linazunguka. Unapoongeza mwendo, injini inagharimia zote mbili. Chukua kilo moja iliyo kwenye uso wa tairi, pale panapokanyaga lami. Hiyo inagharimiwa mara mbili kamili, moja ya kusafiri na moja ya kuzunguka. Sasa isogeze kilo hiyohiyo hadi nusu ya njia kuelekea katikati. Gharama ya kuizungusha haibaki nusu, inabaki robo, kwa sababu inakwenda kwa mraba wa umbali: nusu mara nusu. Kwa hiyo kilo hiyo inakuwa sawa na moja na robo. Ukiifikisha kwenye habu, inakaribia kuwa kilo moja kama kilo ya kwenye buti. Rimu na tairi vikichukuliwa pamoja, kila kilo inajihesabu kama 1.7 au 1.8 hivi wakati wa kuongeza mwendo. Hakuna sehemu ya gurudumu ambako kilo moja inafika mbili na nusu, seuze kumi.

Mbili si haba lakini. Ukipata duka linalokupa vitu viwili kwa bei ya kimoja, huendi kugomba kwa nini havikuwa kumi.

Nilianza na kupima. Nilifungua gurudumu moja la mbele nikalipeleka Uyole kwa mama mmoja anayeuza viazi, nikamwomba mizani. Akanitazama mimi, akaitazama tairi. "Kaka, na hii nayo unataka kuiuza kwa kilo?" Tukacheka, nikaipandisha. Kilo 23 na nusu. Akaniambia hapo naweza kupata debe zima la viazi na chenji, halafu akaniuliza kama nimekuja pia kumpimia lumbesa za watu wanaomuonea.

Jioni hiyo kwenye gereji Mafiati nilifanya jaribio jingine ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kutoa hela. Gari liko juu ya jeki, gurudumu la mbele liko hewani, pedi za breki hazishiki. Nikalisukuma kwa mkono mmoja kwa nguvu. Likaanza kwa uvivu, likakolea, na nilipojaribu kulizuia kwa kiganja lilinivuta bega. Fundi akaleta gurudumu la inchi 16 la gari jingine lenye nati zilezile, tukalifunga, nikalisukuma tena. Lile lilianza papo hapo, na nilipoweka kiganja likasimama. Injini haina kiganja, lakini inafanya kazi ileile, kwa magurudumu manne, kila ukibadili mwendo.

Nilikwenda na inchi 16. Kwa watu wa mjini huo ni ushamba, najua. Mtu anapanda kutoka 16 kwenda 18, wewe unashuka! Ila inchi 16 ni saizi ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye baadhi ya Altezza, na breki za mbele zinaingia bila kugusa. Nilipata rimu nne zilizotumika kutoka Japani, za aloi ya kufuliwa, si ya kumimina. Tofauti hii ina maana kwa barabara zetu. Rimu ya kumimina imetengenezwa kwa aloi iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu, na ili iwe imara inabidi iwe nene. Ya kufuliwa imekandamizwa ikiwa kipande kigumu cha moto mpaka chembe zake zikashikana, kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba na bado ikahimili. Ndiyo maana nyepesi ya kweli ni ghali, na nyepesi ya bei ya kutupa inatia shaka.

Kopi ni nyingi mno. RAYS wa Japani walitoa rimu ya TE37 mwaka 1996, na ile nyembamba ya inchi 15 ilikuwa na kilo 3.7 tu. Leo utakuta sura ileile, spoku sita zilezile, nembo ileile, inauzwa kwa bei ya simu ya kawaida. Iweke kwenye mizani. Sura inaweza kuigwa na stika inaweza kuigwa, ila kilo haziigiki. Na ukinunua iliyotumika, usiridhike na upande wa nje uliopigwa polishi. Igeuze, futa matope na vumbi la breki kwa ndani, fuata mzingo wote kwa kidole na tochi, hasa nyuma ya spoku. Halafu ipandishe kwenye mashine ya kubalansi uone kama inacheza. Kati ya zile nilizoletewa, moja ilikuwa imewahi kuchomelewa kwa ndani, weldi ikapakwa rangi. Niliirudisha. Rimu ya kuchomelewa kwenye barabara ya malori usiku, asante.

Tundu la katikati nalo liangalie. Nati tano kwenye duara la milimita 114.3 zikikaa haimaanishi rimu imekaa. Habu ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi. Bila pete ya kujazia, gurudumu linaning'inia kwenye nati peke yake, na ukifika mwendo wa barabara kuu usukani unaanza kutetema, kisha unalaumu balansi.

Tairi nilizipa uzito wa kipekee, na hapa ndipo naona watu wengi wanapoteza hela. Mtu anahangaika miezi kutafuta rimu iliyopungua kilo mbili, halafu anaivisha tairi ya kwanza anayoikuta dukani. Tairi ndiyo iko mbali kabisa na katikati! Saizi ileile, 205/55 inchi 16, ukipima za kampuni mbalimbali unaweza kukuta tofauti ya kilo nzima au zaidi kwa kila moja. Nilikwenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, muuzaji akadhani natoka Wakala wa Vipimo. Nilichagua nyepesi, si nyepesi kuliko zote; ile iliyokuwa nyepesi kuliko zote ilikuwa laini ubavuni, na kokoto za Mbalizi hazina huruma na ubavu laini.

Jumla, gurudumu jipya pamoja na tairi likawa kilo 16 na nusu. Kilo saba kila moja, 28 kwa manne, na kwa hesabu ya 1.75 ni kama kumshusha abiria wa kilo 49 garini. Mwaka 2015 Ford walipoonesha Mustang Shelby GT350R yenye rimu za nyuzi za kaboni, walitangaza kwamba kila rimu ina ratili 18 badala ya 33, yaani kama kilo 27 zimetoka kwenye gari zima. Teknolojia ya hali ya juu kabisa. Mwalimu wa Mbeya amezifikia kilo hizo kwa kurudi inchi 16. Nilipoisema hiyo kijiweni nilinunuliwa soda.

Kupima barabarani nako kunahitaji akili, maana hapa kwenye barabara kuu ya TANZAM tochi za trafiki ziko kila kijiji. Nilichagua kipande tambarare baada ya kibao cha mwisho wa 50, gia ya tatu, kutoka 50 hadi 80, simu ikipima kwa setilaiti, mtu wa pili akiishika, asubuhi kabla malori hayajajaa. Nilipima kwenda na kurudi ili upepo na mteremko vifutane. Mwanzo muda ulikuwa unazunguka kwenye sekunde nne na kitu. Baada ya kubadili, ulipungua kama theluthi ya sekunde.

Sasa kuwa mkweli na hiyo theluthi. Gari langu na mimi ndani tuko kama kilo 1,400. Kilo 49 ni asilimia tatu na nusu ya hapo, na asilimia tatu na nusu ya sekunde nne haifiki hata sehemu ya sita ya sekunde. Nyingine ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kimo. Tairi ya 225/45 kwenye inchi 18 ina kimo cha milimita 660. Ya 205/55 kwenye inchi 16 ina 632. Tairi fupi inafanya kila gia ivute zaidi, kama vile umebadili difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Asilimia nne na ushee za bure, ambazo hazina uhusiano wowote na uzito. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya faida ambayo marafiki zangu wanaisifia kama "wepesi wa rimu" ni ufupi wa tairi. Kila unapomsikia mtu anasema kabadili rimu gari likawa jingine, muulize kwanza saizi ya tairi ya zamani na ya sasa.

Ufupi huo ulileta neema nyingine. Tairi za kiwandani za inchi 17, 215/45, zina kimo cha milimita 625. Zile za kromu zilikuwa ndefu kuliko hapo kwa zaidi ya asilimia tano, hivyo mshale ulikuwa unasoma pungufu. Ukidhani uko 50, umeshapita. Jamaa wa Dar alizoea kulalamika kwamba trafiki wa njia hii wanamwonea.

Kuna faida ambayo saa haikuipima, na kwangu ndiyo kubwa. Gurudumu liko chini ya springi. Likipanda tuta, kilo zake zote zinarushwa juu, na springi na shokomzoba zina kazi ya kuzirudisha chini kabla tairi haijaachia lami. Gurudumu la kilo 23 likipita kwenye rasta za kuingia kijijini linaruka, linatua, linaruka. La kilo 16 linafuata barabara. Mtu anayejua njia ya Mbeya kwenda Tunduma anajua jinsi malori yalivyoifinyanga lami ikawa na mitaro miwili na mgongo katikati. Kwa rimu za zamani, ukitoka mtaro mmoja kwenda mwingine wakati wa kuovateki, usukani ulikuwa unabishana nawe. Sasa haubishani. Siku ya kwanza nilitoka Iyunga mpaka Songwe na kurudi bila sababu yoyote.

Kuna imani moja ya Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, inabidi niiguse. Watu wanaamini rimu nyepesi zinalipa gari nguvu ya kupanda mlima. Panda mlima kwa mwendo mmoja, tuseme 60, bila kupunguza wala kuongeza. Gurudumu linazunguka kasi ileile muda wote. Halidai chochote cha ziada. Hapo kilo ya tairi na kilo ya mahindi kwenye buti ni ndugu. Kilichobaki ni uzito mtupu wa gari dhidi ya mlima, na kilo 28 kwenye 1,400 ni asilimia mbili. Hutaihisi. Gharama ya mzunguko inatokea mwendo unapobadilika tu.

Ila Kitonga nani anapanda kwa mwendo mmoja? Kona, semi limejaa mbolea linatambaa mbele yako, unashika breki, unarudi gia ya pili, unapata mwanya, unakanyaga, kona nyingine. Kila ukitoka nyuma ya lori unalipa upya gharama ya kuzungusha kila kitu. Hapo ndipo nilipoiona tofauti ya kweli, kuliko pale tambarare nilipokuwa napima kwa simu. Na kule Sao Hill, kwenye misonobari, ambako barabara imenyooka na mguu umetulia, hakuna tofauti yoyote. Hata mafuta hayakupungua kwa kiasi cha kujisifia kwenye safari ndefu.

Baada ya magurudumu nikaiwaza flaiwili, lile duara zito la chuma lililo kati ya injini na klachi. Hii ndiyo sehemu ambayo hesabu ilinishangaza hata mimi.

Gurudumu linazunguka kasi ya barabara. Flaiwili inazunguka kasi ya injini. Ukiwa gia ya kwanza, ukizidisha gia na difu, injini ya Altezza inazunguka zaidi ya mara 16 wakati tairi inazunguka mara moja. Gharama nayo inakwenda kwa mraba, 16 mara 16, yaani 256. Tuseme umetoa kilo tatu kwenye flaiwili, na zimetoka ukingoni, wastani wa sentimita 10 kutoka katikati, na tairi ina sentimita 31 kutoka katikati hadi lami. Kumi kwa thelathini na moja, mraba, mara kilo tatu, mara 256: unapata kama 80. Kilo tatu za chuma zimekuwa kilo 80 za gari. Hapa hata wale wa "kilo kumi" wamezidiwa.

Usishangilie bado. Gia ya tatu injini inazunguka mara sita na kitu kwa kila mzunguko wa tairi, na zile 80 zinashuka hadi 13. Gia ya sita zinabaki nne na ushee. Flaiwili nyepesi ni dawa ya kuondokea na ya gia ya pili, baada ya hapo inakuaga.

Nilikuwa na wazo la kuichonga ileile ya zamani. Nikaipeleka Mwanjelwa kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza, ambaye mikono yake imechonga vipuri vya matrekta ya mashamba ya Mbarali kabla sijaanza shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta nini leo?"

Nikamweleza. Hakujibu. Aliiweka juu ya meza, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akainamisha taa. Uso unaosuguana na klachi ulikuwa na mabaka ya buluu, na ndani ya mabaka kulikuwa na nyufa nyembamba zilizotawanyika pande zote. Akaweka ukucha juu ya mmoja, ukucha ukashika. Kisha akaigonga ukingoni kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

"Hiki ni chuma cha kumimina, mwalimu. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka. Mimi naweza kukuchongea, nichukue hela yako, tuachane vizuri. Siku kikipasuka kinatokea sakafuni, na miguu yako iko hapohapo."

"Wenzangu wamechonga, mzee."

"Injini zao wanazizungusha mpaka resi ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanirudishia.

Nyumbani nikapiga hesabu aliyoipiga yeye kwa sikio. Flaiwili yenye sentimita 14 kutoka katikati hadi ukingoni, kwenye mizunguko 7,600, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Nguvu inayotaka kuirarua inaongezeka kwa mraba wa mizunguko, na ukipunguza unene mahali pasipostahili, au chuma kikiwa tayari na ufa, haina cha kuizuia. Nikaagiza iliyotengenezwa kwa feleji (steel) ngumu ya kazi hiyo, nikaifunga siku moja na klachi mpya, kwa kuwa kushusha gia boksi mara mbili ni kutafuta uchokozi na fundi.

Matokeo: resi zinapanda kwa mguso, zinashuka upesi, na kubadili gia kumekuwa kutamu kwa sababu injini haikucheleweshi. Ukirudisha gia kabla ya kona unagusa mafuta kidogo tu zinalingana. Upande wa pili, asubuhi za Juni na Julai silensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetema mpaka injini ipate moto, na kuondoka kwenye mwinuko ukiwa kwenye foleni ya Mafiati, nyuma bajaji imekubana, kunataka mguu wenye adabu. Flaiwili nzito ilikuwa inakufichia makosa ya klachi. Mke wangu aliliendesha mara moja, likazima mbele ya watu, akaniambia nibaki na gari langu, yeye atapanda daladala.

Ukitaka gari la kupandia kila mtu nyumbani, acha flaiwili ya kiwandani. Magurudumu yatatosha.

Watu wanaoniona na hesabu hizi wanauliza kwa nini sikuendelea na vingine vinavyozunguka. Puli ya krenki, yaani ya shafti kuu ya injini, kwa mfano. Mitandaoni zinauzwa za aluminiamu, nyepesi, zina rangi za kupendeza. Kwenye injini nyingi ile puli nzito ya kiwandani ina mpira katikati, na mpira huo una kazi: unameza mtetemo wa krenki inayojipinda na kujinyoosha kila silinda inapolipuka. Ukifunga kipande kimoja cha aluminiamu, mtetemo unabaki kwenye krenki na pampu ya oili. Puli yenyewe ni ndogo, kilo zake ziko karibu na katikati. Unauza uhai wa krenki kwa faida isiyoonekana.

Diski za breki ndizo kabisa sikuzigusa. Chuma cha diski kiko karibu na katikati ya gurudumu, kilo yake inajihesabu kama 1.1 tu, na kilo hiyohiyo ndiyo ghala la joto. Gari la kilo 1,400 likishuka, kila mita 100 za kushuka zinatoa nishati ya karibu megajuli 1.4, na isipobebwa na injini kwa gia ndogo inaishia kwenye diski. Ukishuka kutoka milima ya Chunya ukiwa na diski nyembamba zilizotobolewa kwa urembo, utazisikia harufu kabla hujafika mjini. Pedi zikishachemka, wepesi wa diski hautakusaidia kitu.

Magari ya rali yanayopita Iringa yana rimu za inchi 15 kwenye vumbi, na kwenye mashindano ya lami wenzao wa nje wanatumia 18. Si urembo pande zote mbili. Kwenye vumbi wanataka ubavu mrefu wa tairi wa kumeza mawe, kwenye lami wanataka nafasi ya breki kubwa. Mtu wa rali anaanza na kazi, saizi inafuata.

Propela ya nyuzi za kaboni, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, ndiyo ya mwisho niliyoshawishiwa nayo. Inapendeza, na inazunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko wa tairi, kwa hiyo mtu unategemea miujiza. Ila propela ni bomba jembamba. Kilo zake ziko sentimita tatu au nne kutoka katikati. Propela nzima ya kilo 10, ukihesabu mzunguko wake peke yake, ni kama kilo mbili na nusu za gari. Ukiipunguza nusu umeokoa kilo moja na robo ya mzunguko, na tano za kawaida. Kwa bei waliyonitajia napata seti mbili za tairi nzuri na hela ya kubadili mafuta ya difu inabaki.